DJ wa Klabu na Kuzaliwa kwa Dansi la Kisasa: Maswali na Majibu kwa Watahiniwa wa Mpanda

Maswali haya ni ya marudio kwa wanaosoma Muziki na Sanaa. Majibu yameandikwa kwa urefu kuliko utakavyoandika ndani ya chumba cha mtihani, kwa hiyo soma yote, funga karatasi, kisha andika kwa maneno yako. Mifano ya Katavi imewekwa kwa makusudi. Mtahini aliyekwisha kusahihisha karatasi mia zinazozungumzia New York atafurahi kukutana na makazi ya Katumba.

Swali la 1. Eleza tofauti kati ya mpiga santuri na DJ. (alama 2)

Mpiga santuri anachagua wimbo, anauweka, anausubiri uishe, anaweka mwingine. DJ anaunganisha nyimbo kiasi kwamba anayecheza hapati nafasi ya kurudi kwenye kiti. Ukiandika kwamba DJ ni yule mwenye hedifoni utapata sifuri, hata kama ni kweli.

Swali la 2. Francis Grasso alifanya nini ambacho wenzake hawakuwa wamekifanya? (alama 10)

Grasso alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1949. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mteja tu katika klabu ya Salvation II. Usiku mmoja DJ wa pale, Terry Noel, alichelewa kazini, na Grasso akaombwa ashike nafasi. Noel alipofika, watu walikuwa wanacheza na kazi haikuwa yake tena. Baadaye Grasso alihamia Sanctuary, klabu iliyofunguliwa ndani ya jengo lililowahi kuwa kanisa la Wabaptisti Wajerumani, mtaa wa Hell's Kitchen. Hapo ndipo jina lake lilipojengeka.

Kabla yake walikuwepo waliotumia mashine mbili za santuri. Régine Zylberberg alifanya hivyo Paris tangu mwaka 1953, ili muziki usikatike wakati wa kubadilisha. Noel naye alikuwa fundi wa kuchagua. Grasso aliongeza mambo mawili, na yote mawili ujifunze kuyaeleza kwa vitendo, si kwa majina.

La kwanza: sahani ya mashine inazunguka, santuri iko juu yake, na katikati kuna kipande cha kitambaa laini. DJ anaishika santuri kwa ncha za vidole ili isimame huku sahani ikiendelea kuzunguka chini ya kitambaa. Sindano iko mahali pale pale ambapo ngoma ya kwanza inaanza. Wimbo unaosikika ukumbini ukifika mwisho wa kipengele chake, anaachia vidole. Wimbo mpya hauanzi kwa kusuasua; unaingia ukiwa na kasi kamili.

La pili: sikio moja linasikiliza ukumbi, sikio la pili linasikiliza hedifoni yenye wimbo ambao watu bado hawajausikia. Anaongeza au kupunguza kasi ya mashine hadi midundo ya nyimbo mbili ianguke pamoja. Zikishaanguka pamoja, anaziacha zote mbili zisikike. Mfano wake maarufu ni kuweka sauti za "Whole Lotta Love" ya Led Zeppelin juu ya ngoma za "I'm a Man" ya kundi la Chicago. Nyimbo hizo mbili hazikurekodiwa zikae pamoja, na hapo ndipo penye jambo: ukumbini ukasikika wimbo wa tatu ambao haukuwa kwenye santuri yoyote.

Grasso alifariki mwaka 2001. Hakuacha albamu wala wimbo wa kukumbukwa kwa jina lake. Watahiniwa wengi hukwama hapa, wakidhani mtu asiyekuwa na wimbo hakutunga chochote. Alichotunga ni namna ya kuupitisha usiku, na kila DJ unayemsikia kwenye harusi pale Mpanda mjini anaitumia, ajue asijue.

Swali la 3. Taja vifaa vilivyosaidia kueneza mbinu hizo. (alama 3)

Mashine ya santuri ya Technics SL-1200, iliyotoka mwaka 1972 na kuboreshwa mwaka 1979 kwa kitufe cha kusukuma kinachobadilisha kasi kwa asilimia 8 juu au chini. Santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja mrefu, ambayo mifereji yake mipana iliruhusu besi nzito. Na mikisa yenye sehemu ya kusikilizia kwa hedifoni. Usijaze ukurasa hapa, alama ni 3.

Swali la 4. Hesabu. Wimbo wa kwanza una mapigo 126 kwa dakika, wa pili una 120. (a) Wa pili uongezwe kasi kwa asilimia ngapi? (b) Je, kwa kutumia Technics, wimbo wa 120 unaweza kufikishwa kwenye kasi ya singeli, yaani 200 na zaidi? (alama 6)

(a) 126 toa 120 ni 6. Sita kugawanya kwa 120 ni asilimia 5. Kitufe kinafika 8, kwa hiyo inawezekana.

(b) Hapana. Hata ukifanya ujanja wa kuicheza santuri ya mizunguko 33⅓ kwa kasi ya 45, utazidisha kwa 1.35 na kupata 162. Ongeza asilimia 8 za kitufe, utafika takribani 175, na mashine itakuwa imekwisha uwezo.

Maana ya hesabu hii ni kubwa kuliko alama zake. Kwa mashine ya santuri ya kawaida, mtoto wa Manzese, mtaa wa Dar es Salaam ambako singeli ilizaliwa kutokana na taarabu (swali la 7), asingeweza kuifikisha taarabu kwenye kasi ya singeli. Alihitaji kompyuta, na si lazima iwe nzuri. Kumbuka pia kwamba kasi ikizidishwa mara 2 bila programu kuizuia sauti, sauti hupanda oktava nzima, na mwimbaji mzima akasikika kama katoto. Wengine wangeona ni kasoro. Singeli iliifanya kuwa pambo.

Swali la 5. "Kabla ya miaka ya 1980 Tanzania haikuwa na nafasi ya DJ." Jadili. (alama 12)

Anza kwa kukubali nusu, kisha kataa nusu.

Nusu ya kukubali: usiku wa mjini ulikuwa wa bendi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, polisi wakawa na bendi yao, jeshi yao. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi hizo na kuzipiga hewani. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na mtu wa santuri hakuwa na ofisi ya kuajiriwa. Huku magharibi, kitovu kilikuwa Tabora, kwenye Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Mtu wa Mpanda aliyetaka dansi la bendi lenye jina alijua treni inaelekea wapi.

Nusu ya kukataa: vijana walikuwa tayari wanacheza santuri za nje. Ushahidi ni marufuku yenyewe. Novemba 1969, uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo Dar es Salaam ilikuwa ndani yake, ulipiga marufuku muziki wa soul. Mwaka huo ulianza na Operesheni Vijana, iliyowasaka wenye sketi fupi na nywele bandia. Hakuna serikali inayopiga marufuku kitu ambacho hakichezwi.

Baada ya mwaka 1985, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, bidhaa zilianza kuingia kwa urahisi zaidi: kaseti, redio kaseti, amplifaya. Disko za kuhamahama zikashamiri. Mojawapo ilikuwa Clouds ya Joseph Kusaga, iliyoanzia Arusha, ikahamia Dar es Salaam na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikawa kituo cha redio. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Hapo DJ alipata kitu ambacho Grasso hakuwahi kuwa nacho: kusikika na watu ambao hawajalipa kiingilio. Bongo fleva ilikua kupitia mlango huo.

Swali la 6. Eleza jinsi muziki wa dansi ulivyofika Mpanda. (alama 8)

Reli kwanza. Tawi la kutoka Kaliua lenye urefu wa kilomita 210 hivi lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini ya risasi. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na behewa lililokusudiwa kubeba madini likabeba watu na redio zao. Mashariki mwa Ziwa Tanganyika hatuhitaji kuelezwa rumba ya Kongo ilitoka wapi. Iko ng'ambo ya maji.

Kisha watu. Wapimbwe, Wabende na Wakonongo wana ngoma zao. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, na wengi wao walipata uraia wa Tanzania mwaka 2014. Wasukuma walishuka na ng'ombe wao hadi Mpimbwe na kwingineko. Wachimbaji wa dhahabu wanatoka kila upande wa nchi, na kambi ya wachimbaji haikosi spika.

Umeme ulichelewa. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO wakati miji mingine ilikuwa kwenye gridi ya taifa. Jambo hili liandike, kwa sababu liliamua aina ya DJ tuliyempata: mwenye jenereta yake mwenyewe, mwenye kujali mafuta kuliko mwanga wa rangi, na mwenye nyimbo zake kwenye flashi na memori kadi, si kwenye mtandao. Mkoa wa Katavi wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 kwa kukatwa kutoka Rukwa. Hiyo ni alama 1 ya bure.

Swali la 7. Kwa kutumia mifano, onyesha kwamba singeli ilibuniwa na ma-DJ waliotazama wanaocheza. (alama 15)

Hili ndilo swali la kujiandalia kuliko yote.

Singeli ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, kwenye mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati. Ina wazazi wawili. Mmoja ni mchiriku wa miaka ya 1990, wenye asili ya ngoma za Wazaramo, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye amplifaya na honi hadi sauti ikakwaruza. Mwingine ni taarabu ya kisasa, ile ya kwenye harusi na vigodoro, yaani sherehe za kukesha mtaani.

Simama kwenye taarabu. Wimbo wa taarabu ni mrefu, mwimbaji ana mengi ya kumwambia mbaya wake. Waalikwa wanasikiliza, wanatuza, wanarudi. Halafu mwimbaji ananyamaza, kinanda na ngoma vinabaki peke yavyo, na ghafla uwanja unajaa. Mtu aliyekuwa amekaa saa nzima anavua viatu. DJ anayeona hivyo usiku baada ya usiku hahitaji kuambiwa la kufanya. Alikata kile kipande cha ala tupu, akakirudiarudia na kukiongeza kasi, kisha akakiongeza tena. Juu yake akasimama kijana mwenye maikrofoni akichana kuhusu kodi ya chumba, mpenzi, polisi na mama.

Linganisha na Bronx, New York. Tarehe 11 Agosti 1973, Clive Campbell, kijana wa Kijamaika aliyejulikana kama Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake, jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick. Herc alikuwa ameona wachezaji wanajizuia, wanasubiri sekunde chache za ngoma tupu katikati ya wimbo. Alianza kutumia nakala mbili za santuri ile ile ili kuzirudia sekunde hizo mfululizo. Hip hop ikatoka hapo. Hakuna ushahidi wa kusema Dar es Salaam iliiga Bronx, na usiseme hivyo kwenye mtihani. Sema kwamba watu wawili wenye kazi moja, mbali kabisa, waliona jambo moja kwa sababu wote walikuwa wanatazama miguu ya watu.

Majina ya kuweka: Mohamed Hamza Ally, maarufu Sisso, mwenye studio ya Sisso Mburahati. Mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" ulitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kuipeleka singeli kwenye masikio ya Ulaya. Duke wa Pamoja Records alitoa "Uingizaji Hewa" mwaka 2019. Kwa upande wa redio za nyumbani, Man Fongo alivuma na "Hainaga Ushemeji" mwaka 2016, na Msaga Sumu anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi. Angalia kwamba orodha ya Ulaya imejaa ma-DJ na ya nyumbani imejaa waimbaji. Wazungu walisikia mashine, sisi tulisikia maneno. Ukiitaja tofauti hiyo, mtahini atajua umefikiri.

Kuhusu uchezaji: kasi ya 200 hadi 300 haimaanishi miguu inagonga mara 300 kwa dakika. Kiuno hufuata nusu ya mapigo, mabega yanafuata mapigo yote. Mwili mmoja una kasi mbili, ndiyo maana mama mtu mzima na kijana wa miaka 15 wanacheza wimbo mmoja bila kugombana.

Swali la 8. Kweli au si kweli? (alama 4)

House ilipata jina kutokana na klabu ya Warehouse ya Chicago, ambako Frankie Knuckles alianza kupiga mwaka 1977. Kweli, ndivyo wengi wanavyoeleza.

Amapiano ina kasi kubwa kuliko singeli. Si kweli, iko karibu na 112, chini ya house yenyewe.

Taarabu haikuwahi kuchezwa kwa kusimama. Si kweli, rejea swali la 7.

Grasso alibuni santuri ya inchi 12. Si kweli.

Swali la 9. Je, Katavi ina utamaduni wowote wa asili unaofanana na mashindano ya ma-DJ? (alama 8)

Upo, na aliyetoka Mpimbwe ameuona kwa macho. Wasukuma wana jamii mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, zilizoanzia kwa wataalamu wawili waliopingana, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, pande mbili hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna jopo la majaji. Anayeshinda ni yule ambaye watu wamemzunguka. Umati ukihama kutoka huku kwenda kule, matokeo yamebadilika, na kila mtu uwanjani anayaona.

Ndiyo maana ya jembe kurushwa juu na kudakwa katika ngoma ya bugobogobo, na ya nyoka wa Bayeye, jamii ya Wasukuma wanaocheza na nyoka. Si mapambo tu. Ni njia za kuvuta macho kabla upande wa pili haujayavuta. Jamaika nako, mitaa ya Kingston, wenye spika kubwa walisimama pande mbili na kushindana kwa kanuni hiyo hiyo, na Kool Herc alikulia kwenye hadithi hizo. Siku hizi nyimbo nyingi za Kisukuma zinatengenezwa kwa kinanda na kompyuta, na memori kadi inazifikisha machungani. Mchunga ng'ombe mwenye spika ya bluetooth begani ni sehemu ya historia hii, ingawa vitabu bado havijamwandika.

Swali la 10. Kwa nini mamlaka huhangaika na dansi la usiku? (alama 5)

Kigodoro kimepigwa marufuku mara nyingi katika maeneo mbalimbali, kwa sababu za kelele, watoto kukesha, na uchezaji unaosemwa hauna staha. Baadhi ya sababu hizo ni za haki. Jirani mwenye mgonjwa naye ana usiku wake. Lakini usidhani ni tabia ya Kiafrika. Jiji la New York lilikuwa na sheria ya mwaka 1926 iliyokataza watu kucheza kwenye baa bila leseni maalumu, na ilifutwa mwaka 2017 tu. Wateja wengi wa klabu za kizazi cha Grasso walikuwa Weusi, Walatino na wapenzi wa jinsia moja, watu ambao mlango wa ukumbi mwingine haukuwafungukia. Mamlaka mara nyingi haiulizi muziki gani unapigwa. Inauliza nani amekusanyika.

Swali la 11. Umekodiwa kupiga muziki kwenye harusi Katumba. Una amplifaya 2 za wati 800 kila moja, kompyuta na mikisa wati 150, taa wati 250. Jenereta imeandikwa kilowati 2.5. Eleza utakavyoupanga usiku. (alama 12)

Hesabu kwanza: 1,600 jumlisha 150 jumlisha 250 ni 2,000. Hiyo ni asilimia 80 ya jenereta, ndipo pa kukomea. Mwenye nyumba akija na waya wa kuchomeka friji ya soda, mkatalie kwa heshima, mwite baba, lakini mkatalie. Besi ikigonga, amplifaya inavuta umeme kwa ghafla, volti zinashuka, taa zinapepesa na spika zinakwaruza. Jenereta ikae nyuma ya nyumba, upande upepo unakoelekea, mbali na maikrofoni ya mshereheshaji.

Wazee watangulie. Wataondoka mapema, na ndio waliochangia. Anza na rumba ya kasi ndogo wakati chakula kinapakuliwa, kisha nyimbo za Kirundi wanazozijua kina mama wa hapo, kisha kwaya pale maharusi wanapotuzwa. Msukuma akiwa ndani ya ukoo, weka bugobogobo kabla hajaiomba. Bongo fleva na amapiano zije baada ya keki. Singeli isubiri, ukishaipiga huwezi kurudi kwenye rumba bila uwanja kumwagika. Panda kwa hatua za asilimia 4 au 5, kama kwenye swali la 4, na kila hatua toa macho kwenye kompyuta utazame nani amekaa.

Mafuta yajazwe wakati wa hotuba, jenereta ikiwa imezimwa. Ikizimika katikati ya wimbo, kompyuta yenye betri itaendelea kucheza, na wewe peke yako ndiye utakayesikia, kwenye hedifoni iliyochomekwa kwenye kompyuta. Wanaoanza kazi huwasha amplifaya na kuacha wimbo uendelee pale ulipofika. Kosa. Shusha sauti yote, rudisha wimbo hadi mapigo 16 kabla ya sehemu ambayo watu walikuwa wanaisubiri, hakikisha taa zimetulia, halafu fungua. (Alama 2 kwa mtahiniwa atakayetaja kurudisha nyuma, wengi huishia kwenye jenereta.)